Tela lililochomoka njia ya Igombe: tufe dogo ndani ya kikombe kikubwa

Simu iliita saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, nami nilikuwa chini ya gari la mtu nakaza nati za propela. Aliyepiga ni mama mmoja mwenye vizimba vya sato upande wa Igombe, mteja wangu wa siku nyingi. Swali lake lilikuwa fupi: tela la boti limefika, mpwa wake amejaribu kulipachika kwenye pikapu, limeingia, je, walitumie? Nikamjibu, spana ikiwa mkononi: "Likiingia na likafunga, mama, twendeni."

Siku tisa baadaye tela hilo lilichomoka kwenye tuta, mbele kidogo ya uwanja wa ndege ukielekea Igombe. Hakuna aliyeumia. Boti lilipasuka tumbo, pikapu ikabaki bila bampa la nyuma, na watu wanne wakaanza kulaumiana. Mmoja wa hao wanne ni mimi. Nimeona niandike kisa chote kilivyokuwa, pamoja na vipimo, maana nimeshaona matela mengi humu Mwanza yakivutwa hivyohivyo.

Kwanza majina ya vitu, tusije tukapotezana. Tufe ni lile dude la chuma la mviringo linalokaa nyuma ya gari. Kikombe ni kile kichwa cha tela kinacholifunika tufe kutoka juu. Shingo ni chuma kirefu kinachotoka kwenye tela kuja kwenye kikombe. Shina ni mguu wa tufe, ule wenye nyuzi unaopita kwenye tundu la bati na kufungwa nati kwa chini. Ndani ya kikombe, upande wa chini, kuna ulimi wa chuma unaolikaba tufe unapofunga komeo. Huo ulimi ndio utakaotuchukulia muda.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya milango minne. Mwaka 2022 niliitengenezea mkono wa kuvutia: bati la milimita 10, limefungwa kwa bolti kwenye reli zote mbili za chesi, halina hata bolti moja inayotegemea bampa. Juu yake niliweka tufe la milimita 50, lile la bati la nyuma lenye bolti mbili za M16 zilizoachana milimita 90. Hicho ndicho kipimo cha Ulaya na Afrika Kusini. Sikuandika chochote kwenye mkono ule. Sikugonga namba, sikuweka kibao, na mama sikumwambia ni tufe la ukubwa gani. Kwangu ilikuwa kazi imeisha.

Mwaka uliofuata mama aliazima tela dogo la mizigo la mtu aliyeshuka nalo kutoka Marekani. Wamarekani hupima matufe yao kwa inchi, na kikombe cha tela lile kilikuwa cha inchi 1⅞, yaani milimita 47.6. Tufe langu la 50 lilikataa kuingia, na lilikuwa sahihi kukataa. Fundi mwingine akaitwa. Akafungua tufe langu, akafunga bati lenye tundu moja, akapachika tufe dogo linalolingana na kikombe kile. Kwa tela lile hakukosea ukubwa. Tela likarudishwa kwa mwenyewe, tufe dogo likabaki kwenye pikapu, na hakuna aliyekumbuka kwamba lilibadilishwa. Mimi sikuambiwa, wala sikuuliza.

Ndipo likaja tela la boti. Nalo ni mtumba wa Marekani, ila kikombe chake ni cha inchi 2 kamili, milimita 50.8. Tufe dogo likaingia humo kama kidole kwenye pete ya mtu mwingine. Komeo likafunga. Mama akanipigia.

Siku ya ajali dereva alikuwa peke yake. Boti ni la faiba la mita sita, injini ya farasi 40 imening'inia nyuma, tangi la petroli lita 60 limejaa, na mifuko minane ya chakula cha samaki, kila mmoja kilo 25. Mifuko aliipanga nyuma kabisa ya boti, karibu na injini. Alinieleza sababu, na ni sababu ya mtu mwenye akili: pale mwaloni, mahali boti hushushwa ziwani, tela hurudishwa kinyumenyume majini, kwa hiyo vijana wanaoshusha mzigo huanzia nyuma. Alikuwa anawapunguzia kazi.

"Mwendo wangu haukuzidi arobaini, fundi," alisema. "Tuta la kwanza nimepita salama. La pili nimesikia ko! Kuangalia kioo, naona tela linaenda kushoto, mimi naenda kulia."

Mnyororo wa usalama ulikuwapo, mmoja, umefungwa kwa bolti ndogo ya milimita 8 kwenye bampa. Ulikaza kwa nukta chache, ukang'oa bampa, ukaondoka nalo. Shingo ikachimba lami, tela likageuka ubavu, boti likalala mtaroni juu ya jiwe. Mwanza jiwe hulikosi.

Nilipofika pale mabishano yalikuwa yameiva. Dereva alisema tuta halijapakwa rangi. Shangazi yake, huyo mama, alisema kijana anakimbiza gari, anamjua tangu anajifunza. Yule fundi mwenzangu, aliyepigiwa simu akaja na bodaboda, alisema mzigo umezidi. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimeshaliona tufe, na nilikuwa nimekumbuka nilichojibu kwenye simu.

Tulilivuta tela hadi karakana kwangu Nyakato juu ya lori la mtu. Niliomba lisiguswe, wala lisioshwe. Chuma kikioshwa hakisemi tena.

Tufe lilikuwa limejaa grisi iliyochanganyika na vumbi. Nilipolifuta, juu ya kichwa chake zikatokea alama zilizogongwa kiwandani, nusu zimelika: 1-7/8, na chini yake 2000 LBS. Ratili 2,000 ni kilo 907. Nikalipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, pande tatu. Pana kabisa ilikuwa milimita 47.2, kwa hiyo lilikuwa limeshalika karibu nusu milimita. Kikombe nacho kina alama ubavuni, chini ya rangi ya bluu ambayo mtu aliipaka ili tela lionekane jipya: 2 IN, na 3500 LBS, ambazo ni kilo 1,588. Ndani yake kalipa ilisoma 51.2. Tofauti ya mduara na mduara ni milimita nne nzima.

Milimita nne ni unene wa sarafu mbili. Dereva aliniuliza kitu hicho kidogo kinaangushaje boti, na swali lake ni la haki. Jibu liko kwenye umbo. Kikombe hakilishiki tufe kwa juu. Juu kinalikalia tu, kwa uzito. Kinacholizuia tufe lisichomoke ni zile midomo za kikombe na ulimi wa ndani, ambavyo vinapita chini ya kiuno cha tufe, pale mviringo unapoanza kurudi ndani, na kulikaba kwa hapo. Mkabo wenyewe ni wa milimita chache tu hata vitu vikiwa vinalingana. Ukipunguza milimita nne kwenye tufe, umeula karibu mkabo wote. Kinachobaki ni kikombe kilichokaa juu ya kijiti kama kofia.

Nilipoangaza tochi nikaona ushahidi. Kwenye ukingo wa mbele wa kikombe kulikuwa na mwezi mchanga wa chuma kinachong'aa, upana wa ukucha, mahali tufe lilikuwa likikwaruza kila siku. Ncha ya ulimi ilikuwa imepinda kwenda chini. Na chini ya kikombe, ile nati ya kurekebisha ulimi ilikuwa imekazwa mpaka nyuzi zimeisha.

Hapo nikamuuliza dereva nani kaikaza. Akasema yeye. Siku ya kwanza tela lilikuwa linagonga, gogo-gogo, kila anapokanyaga breki. Akainama, akaona nati, akaikaza hadi kelele ikaisha. Akafurahi. Kusema kweli, hata mimi ningekuwa kijana wa miaka 24 ningefanya vile. Zile kelele zilikuwa tela likimwambia kwamba tufe si lake, naye akaliziba mdomo.

Kisha tukafanya jaribio ambalo lingetakiwa kufanywa siku ile ya simu. Tuliinyoosha ncha ya ulimi, tukapachika tela kwenye pikapu, tukafunga komeo, tukatia pini. Kila kitu kilionekana kizuri. Mama mwenyewe alilitikisa kwa mkono akasema limeshika. Nikaweka jeki chini ya shingo, hatua moja nyuma ya kikombe, nikaanza kupampu. Kikombe kikilikaba tufe sawasawa, unavyoinua shingo ndivyo na makalio ya gari yanavyopanda nayo, springi zinanyooka, unaona kabisa. Mara ya kwanza gari lilipanda kidole kimoja. Mara ya pili, ko! Kikombe kikaruka juu, komeo likiwa limefungwa, pini ikiwa ndani yake. Dereva akashika kichwa. "Ni sauti ileile," akasema.

Jaribio hilo huchukua dakika mbili na halihitaji kipimo chochote. Swali la mama kwenye simu lilikuwa kama tela linaingia. Mimi nilitakiwa nimuulize kama linatoka.

Lakini tufe dogo peke yake halikunitosheleza. Tela lilikuwa limekwenda Igombe na kurudi mara tatu kabla ya ajali, kwenye matuta yaleyale, na halikuchomoka. Siku ya nne kulikuwa na nini cha ziada? Mifuko.

Nikawatafuta wale vijana wanaopima watu uzito barabarani, nikaazima mizani yao kwa nusu saa kwa malipo ya wateja ishirini. Boti lilikuwa limepasuka lakini uzito wake ni uleule, kwa hiyo tukalirudisha juu ya tela, injini mahali pake, tangi limejazwa. Tukaegesha sehemu tambarare, tukaweka mizani chini ya kikombe na kipande cha mti juu yake hadi kufikia kimo cha tufe la pikapu. Bila mifuko, shingo ililalia mizani kwa kilo 50. Tukapanga mifuko minane nyuma kama ilivyokuwa siku ile: kilo 11. Kijana mwenye mizani alicheka, akasema tela limekonda.

Hesabu ya uzito wote ilikuwa hivi: boti kama kilo 350, injini sabini na kitu, petroli 45, mifuko 200, tela lenyewe 260. Jumla inakaribia kilo 930. Kwa tela la boti, uzito unaolalia tufe unatakiwa uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote, yaani hapa tuseme kati ya kilo 47 na 93. Safari tatu za kwanza, bila mifuko, jumla ilikuwa kilo 730 na shingo ilibeba 50, ambayo ni asilimia 7. Uzito wa shingo ndio uliokuwa unalifunga tela lile safari zote, si komeo. Siku ya nne dereva aliuondoa bila kujua. Kwa kilo 11, gari likishuka tuta na tela likapanda nyuma yake, shingo inarushwa juu, na juu hapakuwa na cha kuizuia.

Fundi mwenzangu aliposema mzigo umezidi, kwa hiyo, alikuwa amegusa ukweli kwa bahati. Kilo 930 zimezidi kile kilichogongwa kwenye tufe lake, 907, japo kwa kidogo. Ila hazikukaribia uwezo wa kikombe wala wa pikapu. Mzigo haukuwa mwingi, ulikuwa umekaa vibaya.

Sasa tundu. Nilipolifungua tufe dogo, nati ililegea kwa spana ya kawaida bila bomba, jambo ambalo peke yake lilinitia jasho. Shina lake lilikuwa la robo tatu ya inchi, milimita 19. Tundu la bati lilikuwa la inchi moja, milimita 25. Nafasi ile yote fundi mwenzangu aliifunika kwa washa, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati, nne juu na tatu chini. Washa hazizibi tundu, zinalifunika tu. Shina lilikuwa linacheza ndani, na mdomo wa tundu ulikuwa umeshakuwa yai. Lisingechomoka tela pale kwenye tuta, lingeondoka na tufe lake siku nyingine.

Juu ya hili tulizungumza faragha, mimi na yeye. Ni mtu mzima kuliko mimi na nilimwamkia kwanza. Nilipomwonyesha yai lile alikaa kimya, kisha akasema, "Mdogo wangu, siku ile dukani hapakuwa na shina lingine." Ninaamini. Ila kwenye maduka yetu ya vifaa tufe huwekwa mezani pamoja na matufe mengine, yote yamepakwa kromu, yote yanang'aa, na anayeuza hupima kwa macho. Tufe la 47.6 na la 50.8 ukiliweka moja peke yake huwezi kulitambua. Lazima ulisome juu ya kichwa au ulipime.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kubadilisha kikombe cha tela kiwe cha milimita 50 na kurudisha tufe langu la awali. Niliipenda, kwa sababu tufe la 50 linapatikana kirahisi na mama huazima matela ya watu. Lakini shingo ya tela lile ni boksi la inchi 3, karibu milimita 76, na vikombe vya 50 nilivyoviona madukani vimetengenezwa kwa shingo nyembamba zaidi. Ningelazimika kuchomelea kipande cha kuunganisha kwenye shingo, na kipande kile ndicho kingebeba boti zima. Kuchomelea naweza. Ila kiungo cha kubuni mahali pale, kinachoingia majini kila wiki, sikukitaka kiwe na jina langu.

Wako watakaosema: si ungerudisha tu tufe la 50 ndani ya kikombe cha 50.8, tofauti si milimita moja hata? Nimewasikia wengi, na wapo wanaovuta hivyo miaka. Mimi nilikataa. Kikombe hiki kimeshatanuka hadi 51.2, tufe nalo litalika kwa muda, na nimeshaeleza mkabo wenyewe ni wa milimita ngapi. Tena nimetoka kuona kinachotokea.

Njia ya pili ni kutafuta tufe la inchi 2, lenye shina la inchi moja, lenye uwezo usiopungua ule wa kikombe. Hilo ndilo tulilofanya. Lilichukua siku kumi na moja kupatikana, likaja na basi kutoka Dar es Salaam limefungwa kwenye gazeti. Nililipima kabla ya kulipia: 50.8. Shina 25.4. Juu yamegongwa 2 IN na 5000 LBS.

Bati lenye tundu la yai nililitupa, nikakata jipya la milimita 16, nikatoboa tundu kwa mashine badala ya kulipanua kwa moto. Bati nikalifanya liwe na mguu wa kushuka sentimita 11, maana pikapu tupu tufe lake lilikuwa sentimita 56 kutoka chini wakati tela likiwa sawasawa linataka 45. Tela linalovutwa pua juu huegemea nyuma, na hapo unapunguza tena ule uzito wa shingo tuliokuwa tunautafuta.

Nati ya shina la inchi moja hukazwa kwa Newton-mita 340 hivi, na spana ya kupimia nguvu ya kiasi hicho sina. Nilifanya kwa dumu. Spana yenye bomba, urefu wa mita moja na nusu kutoka katikati ya nati, imelala sawa na ardhi; kwenye ncha nikatundika dumu la lita 20 lililojaa maji. Dumu, maji na uzito wa bomba lenyewe vinakupa 340 bila ubishi. Nati ikizunguka dumu linashuka; unalirudisha juu, unatundika tena, mpaka linabaki linaning'inia bila kushuka. Washa moja ya springi, si saba. Kisha nikapiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bati, ili dereva akiinama asubuhi aone kama mstari umekatika.

Ulimi wa kikombe, ambao chuma chake kilikuwa kimeshachoka, nilibadilisha mzima pamoja na springi yake. Nati ya kurekebisha niliilegeza yote kwanza, nikaikaza hadi kikombe kikalishika tufe bila kucheza lakini bado kinageuka kwa mkono. Tukarudia jeki. Gari lilipanda, springi zikanyooka, tairi za nyuma zikakaribia kuachana na sakafu, kikombe hakikutetemeka. Mama alisema, "Haya, lishushe sasa, utanipindulia gari."

Minyororo tuliweka miwili. Kila mmoja peke yake uweze kulibeba tela zima, na yote miwili imefungwa kwenye bati la mkono wa kuvutia kwa viungo vya chuma vya umbo la U vyenye pini ya kusokota. Bampa ni bati la urembo. Minyororo inapishana chini ya kikombe: wa kulia wa tela unakwenda kushoto kwa gari, wa kushoto unakwenda kulia. Ikipishana inafanya kitanda, kikombe kikichomoka kinalala juu ya mnyororo badala ya kuchimba lami, na dereva anapata nafasi ya kusimama akiwa bado na tela nyuma yake. Urefu uruhusu kona kali bila kuburuzika. Mnyororo unaoburuzika kwenye lami hulika upande mmoja kimyakimya, na siku ukiuhitaji ni uzi.

Taa nilibadilisha soketi tu, zilikuwa na pini nne upande mmoja na saba upande mwingine. Beringi za magurudumu nazo nilizifungua kwa sababu tela lilikuwa wazi, nikakuta maji. Hilo si la kisa hiki, ila ni la kila tela la boti: ukifika mwaloni habu, yaani vitovu vya magurudumu, zina moto, ukizitumbukiza ziwani papo hapo zinapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Ziwa letu ni maji baridi, halili chuma kama bahari, lakini grisi iliyochanganyika na maji haichagui ziwa. Ngoja zipoe, kunywa soda.

Mifuko tulihamisha mbele kiasi cha mita moja na robo, ikapita mbele ya ekseli. Mizani ya vijana, safari ya pili, ilisoma kilo 74. Ni asilimia 8. Dereva alipiga mstari wa rangi ndani ya boti kuonyesha mwisho wa mifuko, wazo lake mwenyewe, na vijana wa mwaloni wakanung'unika wiki moja kisha wakazoea.

Malipo yalikuwa mazito zaidi ya chuma. Boti lilizibwa faiba na fundi wa boti pale Igombe. Mama alilipa boti na tufe. Fundi mwenzangu alilipa bati na bolti, hakusukumwa. Ufundi wangu sikutoza, na mama aliposema hiyo si haki kwa sababu tufe dogo sikuliweka mimi, nilimkumbusha Jumamosi ile na spana yangu mkononi. Akasema, "Kumbe ulikuwa chini ya gari! Ungeniambia nipige baadaye, mwanangu."

Kwenye mkono wa kuvutia sasa nimechomelea kibao cha bati chenye herufi zilizogongwa: INCHI 2, KILO 1588. Nimeandika kilo za kikombe badala ya zile za tufe, kwa sababu kikombe ndicho dhaifu kuliko tufe. Mikono mingine sita niliyotengeneza tangu mwaka 2022 nimeifuata kwa wenyewe, mmoja mmoja. Minne nimeshaigonga namba. Wa tano gari liliuzwa Sengerema. Wa sita mwenyewe anasema yeye havuti kitu, ameuweka kwa ajili ya kuzuia bodaboda zisimgonge nyuma.

Juzi dereva alinipigia. Wameazima tela la mtu kupeleka mabomba ya vizimba Kayenze, limeingia na limefunga, ila safari hii amepiga jeki kwanza na halimridhishi. Nikamwambia asome kilichogongwa kwenye kikombe. Akasema kimepakwa rangi tabaka tatu, hakisomeki. Nikamwambia asitoke, aje nalo kwa lori, nitakwangua.